Risala ya Waliozaliwa Januari Mosi

Mgeni rasmi, Maman Keren Ngoy, Mkurugenzi wa Mafunzo ya Watu Wazima. Mwalimu wetu Océane. Ndugu, majirani na watoto wetu mliofika hapa wilayani Forest jioni hii:

Kabla ya neno lolote tunamshukuru Mungu aliyetufikisha. Tuko tisa. Mdogo wetu ana miaka arobaini na mmoja, mkubwa ana hamsini na minane, na hakuna kati yetu aliyedhani ataketi tena darasani, sembuse kusimika programu ya kujenga ghala la data na kuiunganisha na hifadhidata iliyoko kwenye wingu.

KARIBU KWETU

Ulipotuandikia kwamba risala isomwe kwa Kiswahili, barua yako tuliisoma mara mbili. Tangu tufike nchi hii tumesomewa barua nyingi na ofisi. Hii ni mara ya kwanza ofisi kututaka sisi tuisomee. Karibu, Maman. Chai ipo, mikate ya mafuta ipo, na kiti ulichokalia ndicho pekee ambacho hakiyumbi.

TULIVYOANZA

Darasa lilifunguliwa Septemba iliyopita, Jumatatu na Jumatano, saa kumi na mbili na nusu jioni. Josias alitoka kwenye kiwanda cha magari kilichofungwa hapa jirani. Rukiya, mzaliwa wa Bujumbura, hutujia na vidole vimechoka kwa kusuka nywele kwenye saluni za Galerie d'Ixelles. Maman Mwadi hufanya usafi hospitalini, kule Woluwe-Saint-Lambert. Akishavua koti la kazi hupanda metro, kisha tramu, na bado huwa wa kwanza kufika. Humu tutamtaja sana Maman Mwadi, kwa sababu yaliyotupata mengi yalipitia kwake.

Jioni ya kwanza mwalimu alitueleza kwamba duka huweka bidhaa, lakini ghala la data huweka yaliyotokea. Programu yetu ndiyo fundi: wewe unachora unachotaka, yenyewe inaandika amri zote za kulijenga ghala. Ghala lenyewe halikai humu chumbani. Linakaa kwenye mashine za mbali ambazo hatujaziona na hatutaziona. Maman Mwadi aliuliza kama kuna mtu yeyote darasani aliyewahi kuziona. Mwalimu akasema hata yeye hajaziona. Maman akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari ambayo moyo wake uliijua zamani.

Mwezi wa kwanza tuliangukia pua. Kuna kitu kidogo kinaitwa kiendeshi, ambacho huiwezesha kompyuta ya mezani kuzungumza na hifadhidata ya mbali. Tulisimika kisicho chake. Programu ikawa inakitafuta haikioni, na sisi tunakiona pale pale. Jioni tatu zikaenda hivyo.

Tulipokipata kilicho chake, tukakwama kwingine. Mlango wa hifadhidata hutaka neno la siri, kisha hutuma kwenye simu tarakimu sita zinazoishi nusu dakika tu. Maman Mwadi hana kazi anayoianza bila sala. Tarakimu zilipofika aliweka simu mezani, akasema tuiweke kwanza shughuli mbele za Mungu. Tukafumba macho. Akaombea mashine, akaombea mwalimu, akaombea watoto wa mwalimu ambao hawajazaliwa. Alipofika amina, Rukiya naye akaongeza dua yake. Tulipofumbua macho, tarakimu zilikuwa zimekufa. Tulifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu Josias alinong'ona, macho yakiwa bado yamefumbwa, “Maman, omba kafupi.”

Maman hakukasirika. Alisema Mungu hana haraka, mwenye haraka ni mashine, basi mashine ndiyo isubiri zamu yake. Tangu siku ile tunasali kwanza, ndipo tunaomba tarakimu.

Mlango ulipofunguka, mwalimu alitueleza kwamba hifadhidata ile hulala isipotumiwa, na ikiitwa huamka yenyewe. Tuliita, tukahesabu sekunde nne, ikaitika. Kisha Rukiya akauliza, nusu kwa utani, kama si dhambi kuistaajabia hivyo. Maman Mwadi akamjibu, “Haiko dhambi, mama. Hii inalalaka. Mungu hasinziake.”

TULICHOJENGA

Kila kundi lilitakiwa kujenga ghala moja la kweli. Sisi tulichagua madaftari ya umoja wetu wa kusaidiana, ule unaojua nani amejifungua, nani amehama, nani amefiwa na apigiwe nani simu. Madaftari yalikuwa matatu, ya mikono tofauti, na orodha za simu juu yake. Watu mia nne na kumi na wawili.

Programu ilituuliza swali moja ambalo tuliliona jepesi: mtu mtamtambua kwa nini? Kwa jina haikuwezekana. Maman Mwadi peke yake alikuwa na majina matatu: Mwadi kwenye daftari la kwanza, Maman Ushindi kwenye la pili kwa sababu ya mtoto wake wa kwanza, na kwenye la tatu jina la ubatizo linalojulikana na ofisi ya wilaya tu. Tukakubaliana, wote tisa, kwamba mtu tutamtambua kwa tarehe ya kuzaliwa, pamoja na jinsia na wilaya anakokaa. Mwalimu alitutazama, akatuacha.

Tukasali. Tukabonyeza.

Mgeni rasmi, tungependa ungekuwepo. Mistari ilishuka kwenye skrini kama mvua ya kwetu, ile isiyoanza na manyunyu. Maelfu ya mistari ya amri, na hakuna mkono wa mtu ulioiandika. Josias, ambaye miaka ishirini aliona mikono ya chuma ikichomelea magari, alisimama akavua kofia. Kwa dakika nne ghala lilisimama: vyumba vyake, njia zake, na watu wetu ndani.

Tukahesabu. Walioingia walikuwa mia nne na kumi na wawili. Waliokuwemo walikuwa mia tatu themanini na watano.

Watu ishirini na saba walikuwa hawaonekani. Tulitafuta kosa kwenye kiendeshi, tukatafuta kwenye mlango. Maman Mwadi yeye akajitafuta mwenyewe. Akajikuta kwenye mstari mmoja na dada mwingine wa hapa Forest, aliyetutoka miaka mitano iliyopita, Mungu amrehemu. Na kwa kuwa ghala huandika mwisho wa kila jambo, mstari ule ulikuwa umefungwa kwa tarehe ya mazishi.

“Mwalimu,” alisema, “nilishakufa.”

“Basi marehemu asogee kidogo,” Josias akasema, “njo yeye anatuzibia skrini.”

Tulicheka mpaka machozi, yeye wa kwanza. Kisha akaacha kucheka. Akavuta kiti, akaanza kuwapitia watu mmoja mmoja kwa kidole, na kwa kila aliyemezwa akasoma tarehe kwa sauti. Januari mosi. Januari mosi. Januari mosi. Walikuwa watu thelathini na wanane, na ghala lilikuwa limewafanya kumi na mmoja.

Kati yetu tisa, sita kitambulisho chetu kinasema tulizaliwa Januari mosi. Tumeizoea tarehe hiyo hata hatuioni tena. Ndiyo maana tulikosea wote kwa pamoja, bila hata mmoja kushtuka. Mtu aliyezaliwa hapa asingekosea hivyo. Angeuliza mapema kwa nini watu wengi hivi wana sikukuu moja.

Mwalimu Océane, ambaye ana tarehe yake na saa yake mpaka dakika, aliuliza kwa upole iweje. Maman Mwadi akamjibu, nasi tulisikia:

“Premier janvier haiko siku ya kuzaliwa, mwalimu. Njo siku ya muntu mwenye alikosa karatasi.”

Yeye mwenyewe alizaliwa Agosti. Mama yake alimwambia. Ila mama si karatasi.

Kwa wiki tatu baada ya hapo, Maman Mwadi aliwatafuta wale thelathini na wanane. Wengine aliwapigia simu wakati wa mapumziko, wengine aliwafuata makwao kwa tramu akiwa na daftari kwenye mfuko wa plastiki. Swali lake lilikuwa moja: mama yako aliitwa nani, na alikuzalia wapi? Anasema hakuna aliyesita. Mzee mmoja alilia, kwa sababu hakuwa amelitamka jina la mama yake tangu avuke mpaka. Kwa marehemu aliuliza watoto wao, na watu wengine wote tuliwauliza sisi wanane. Tukaiambia programu kwamba kwetu mtu hutambulika kwa jina moja kati ya majina yake, jina la mama yake na mahali alipozaliwa. Tukasali, tukabonyeza, mistari ikashuka tena.

Mia nne na kumi na wawili.

Na jambo la kutisha kwa uzuri, Maman, ni kwamba ghala halikufuta kosa letu. Limeliweka pale, na tarehe lilipoingia na tarehe liliporekebishwa. Ukilifungua unaona kila familia ilivyopita: Likasi, Bujumbura, kambini, Forest, mstari juu ya mstari, na kila mahali na siku zake. Hakuna aliyehama akafutwa. Tumeishi miaka mingi tukidhani anayekumbuka hivyo ni Mungu pekee. Sasa tumeona kwamba amewaruhusu watu waige kidogo.

YANAYOTUSUMBUA

Tulikuandikia kuhusu chumba baridi, kompyuta mbili zinazozimika na saa ya tramu ya mwisho. Mambo hayo yapo, na yanavumilika.

Lililobaki hatukuwa tumeliandika. Maman Mwadi ndiye aliyepiga chapa rasimu ya risala hii, na sehemu hii hajaiona. Ameketi safu ya pili, nasi tunamwomba radhi mbele yenu.

Jumamosi ijayo ni mtihani wa cheti cha kusimika na kusanidi programu hii. Sharti la kuingia ni diploma ya sekondari. Sisi wanane tunazo, au tumepata nakala. Maman Mwadi alimaliza shule Likasi na kufaulu. Diploma yake ilikuwa kwenye sanduku lililopotea kituo cha treni mwaka 1992, katika fujo ile ya watu kufukuzwa mkoani, unayoijua wewe uliyekulia Lubumbashi. Ameandika barua kwenye shule mara nne. Mara moja alijibiwa kwamba kumbukumbu za miaka ile hazipo.

Hajalalamika. Alipoambiwa, alisema sheria ni sheria, akatuomba majina yetu kamili. Kila Alhamisi anafunga kwa ajili ya mtihani wetu, na kila mmoja anamtaja kwa jina lake na la mama yake. Jioni zilizobaki ametufundisha sisi, hatua kwa hatua, mtihani ambao yeye hataufanya. Rukiya alimwuliza kama haoni uchungu. Akasema uchungu anauona, ila hataki tuuone sisi kabla ya Jumamosi.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa na maombi matano. Jana tulikutana bila yeye, tukafuta manne.

Kanuni ya ofisi yako, kifungu cha mwisho, inasema mkurugenzi anaweza kumruhusu mtahiniwa asiye na diploma iwapo mwalimu atathibitisha kazi yake kwa maandishi. Mwalimu Océane ameandika kurasa mbili. Ziko ndani ya bahasha iliyo mbele yako, pamoja na fomu. Orodha ya watahiniwa inafungwa kesho saa kumi alasiri.

Hatuombi apewe cheti, Maman. Tunaomba aulizwe maswali.

Mungu akubariki unapoingia na unapotoka, ailinde nyumba yako, na mkono wako auongoze katika kila karatasi itakayowekwa mbele yake. Wa kwetu wanaosema amina na waseme amina, wanaosema amin na waseme amin.

Ni sisi, Kundi la Jioni la Forest, wajenzi wa ghala: watu tisa.