Pua ya Nahodha

Wasikilizaji wapendwa, tumelelewa tusiwaseme vibaya waliotangulia. Leo nimepewa ruhusa na mjane wa marehemu mwenyewe. Kaniambia, "Wewe sema tu. Mimi nilisema akiwa hai, hakusikia." Basi nitasema.

Tunamkumbuka mwenye boti mbili za kubeba abiria, mtu aliyejiita Nahodha. Kofia nyeupe alikuwa nayo, kajinunulia. Viti vya boti zake viling'arishwa mpaka ukajiona. Lakini chini ya mfuniko wa injini, yasikofika macho ya abiria, mpira wa petroli ulikuwa umepasuka, ukafungwa kwa mkanda wa plastiki. Betri ilikaa bila kufungwa, vichwa wazi, na kibano kimoja kimelegea kinacheza kama jino la mtoto.

Fundi alimwambia: kabla ya kuwasha, fungua mfuniko, acha hewa ipite. Pitisha kitambaa kikavu kwenye mpira. Kaza vibano. Kitambaa kikilowa, usiwashe. Nahodha akacheka, akasema yeye ana pua. Narudia, wasikilizaji: kipimo chake cha petroli inayovuja kilikuwa pua. Aliinama, akanusa mara moja, akawasha.

Na pua yenyewe basi! Alivuta sigara tangu ujana. Mjane anatusimulia, "Maharage yaliungua jikoni mpaka majirani wakagonga mlango. Yeye kakaa hapo hapo, ananiuliza chakula kitaiva lini." Hiyo ndiyo iliyokabidhiwa roho za watu.

Asubuhi ile abiria walikuwa bado gatini. Nahodha aliingia peke yake, akanusa, akawaambia mambo safi. Mvuke wa petroli ni mzito, haupandi juu. Ulikuwa umejilaza chini, karibu na betri. Akawasha. Kibano kilicholegea kikatoa cheche, na boti ikalipuka naye ndani.

Mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa ameshanyanyua mguu apande. Mlipuko ulimrusha nyuma, akaanguka juu ya mizigo ya watu, wakapona wote wawili. Mguu ule ndio unaonikasirisha mpaka leo.

Msibani, mdogo wa marehemu alisimama akasema ajali haina kinga. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Upuuzi mtupu. Hii ilikuwa na kinga: kitambaa kikavu na spana. Marehemu alikuwa mcheshi, na alisomesha wapwa zake, hilo simnyimi. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu nusura avunje na ya wenzake.

Kwa mjane na watoto, poleni sana. Mungu awape subira. Nawe mwenye boti unayenisikiliza huku umenuna, nuna ukielekea kwenye boti yako. Fungua mfuniko utazame kwa macho, kisha jiulize ni mtoto wa nani utakayempandisha humo.

Nina tangazo moja. Mdogo wa marehemu, aliyeachiwa ile boti ya pili, amepiga simu akiomba niwaarifu kwamba safari zinaendelea kesho asubuhi. Nikamuuliza kama fundi ameshaikagua. Akanijibu, "Kaka, hata tukikagua, siku ya mtu ikifika imefika."

Haya, nimetangaza. Msipande.