Fundi Kipriani na Funguo za Gari la Manyovu

Jarida hili halijatoka tangu Februari. Wasomaji wa Kasulu, Kibondo na Kakonko waliouliza kama limekufa wanaombwa radhi. Halikufa, ila habari iliyopaswa kutangulia ilikuwa nzito kuianza.

Fundi Kipriani Mpawenimana alistaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia karakana ya ushirika wetu mjini Kasulu kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kuosha vipuri kwa dizeli, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Leo ni raia na mzee wa kanisa. Madereva wamejaribu kuiga lafudhi yake ya Kirundi, na wote wameshindwa.

Sifa yake kubwa ni alaimenti, yaani kuyapanga magurudumu yatazame mbele kwa pamoja. Hatukuwa na mashine. Alivuta kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akachuchumaa, akapima, kisha akazungusha nati za mikono ya usukani, vile vyuma vinavyoyageuza magurudumu. Alitufundisha kwamba kazi hii haingoji tarehe. Gari likigonga shimo au kalavati, lipimwe. Lipimwe pia likibadilishwa kifaa cha usukani, likivuta upande, usukani ukikaa mshazari kwenye barabara iliyonyooka, au tairi likiliwa ukingo mmoja. Dereva aliyeapa kwamba gari lake ni zima aliambiwa kuwa hata mwenye malaria husema hivyo akiiona sindano.

Alichokiogopa zaidi ni mazoea. Gari linalovuta kidogo kidogo humzoesha dereva, na mkono wake hulirudisha barabarani bila yeye kujua. Kwa hiyo aliweka desturi: gari lililogonga kitu hujaribiwa na dereva mwingine. Enzi za barabara ya vumbi tuliicheka desturi hiyo. Sasa kuna lami, na magari yaliyokuwa yakitambaa yanakimbia.

Mwezi Januari dereva wetu Kezia aligonga kalavati huko Busunzu, akanyamaza. Wiki kadhaa baadaye, siku moja kabla ya kuwapeleka wafanyakazi tisa Manyovu, Fundi aliona rimu imebonyea. Akamweka Mudathiri, dereva mwenzake Kezia na mtoto wa mwenye duka, kwenye usukani. Mudathiri alifika penye tambarare, akalegeza mikono, na gari likaelekea mtaroni. Alirudi polepole mno, akashuka.

"Dada Kezia," alisema, "hili gari wewe unalibeba."

Kezia alimjibu kwamba watoto wa wenye maduka wana mikono laini. Ndipo Fundi alipolifungua tairi la kushoto. Ukingo wa ndani ulikuwa umeliwa mpaka nyaya zinaonekana. Kezia alikaa chini palepale kwenye mafuta.

Meneja alipiga simu, akataka gari litoke. Fundi alizitia funguo mfukoni.

"Bosi, nitakupa. Ila kesho ukae wewe kiti cha mbele, tushuke wote ule mteremko wa Manyovu."

Gari halikutoka. Wafanyakazi tisa wanajua kwa nini wanamshukuru.

Hata hivyo, mamlaka ya kuzuia funguo hayakuwahi kuwa kanuni. Yalikuwa ni yeye mwenyewe. Tangu aondoke, uongozi umesema magari yapimwe kila baada ya miezi sita, na kubadilishana madereva kukome kwa kuwa kunamaliza mafuta. Irakoze, msaidizi wake wa miaka mingi, anaijua kamba kama yeye, lakini ameambiwa funguo si kazi yake. Madereva wameiomba bodi impe mamlaka hayo.

Juma lililopita Kezia aligonga shimo karibu na Kibondo. Safari hii alisema mwenyewe. Irakoze akaomba gari lijaribiwe na Mudathiri, akakataliwa. Kezia naye ameambiwa kwamba asiyetaka kuendesha atatafutiwa mtu wa kushika nafasi yake. Anasema haoni gari likivuta, na kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Fundi, asante kwa kila safari iliyorudi. Magoti yako yapumzike huko Kakonko, mihogo yako istawi, na uzee wako uwe na amani tele. Ungetaka kujua kama tumelinda ulichotuachia. Safari ya Manyovu ni Alhamisi, kwa gari hilohilo la Kezia. Bodi inakaa Ijumaa. Uamuzi ukishatoka, tutakuandikia.