Mzee Hataki Maji

Kila asubuhi, kabla jua halijafika ukuta wa duka la vioo, benchi lililo mbele ya meza ya fundi viatu huwa limeshajaa. Fundi mwenyewe wanamwita Kisigino. Pale hukaa Msumari, seremala. Oili, fundi wa pikipiki. Na Daktari, ambaye udaktari hakuusomea popote, jina alilipata mwaka alipopaka rangi zahanati. Birika la kahawa huwa katikati yao. Asubuhi hiyo Kisigino alikuwa ameshika kiatu cha mtu na sindano haiendi. Baba yake alikuwa amepasuliwa henia, na hii ilikuwa siku ya nne tangu arudi nyumbani. Mzee hataki kunywa maji. Muuguzi aliyekuja jana kubadilisha bandeji alisema asipokunywa mpaka kesho, arudishwe hospitali akatundikiwe dripu. Na mzee ameapa kwamba hospitali hakanyagi tena.

— Hanywi kabisa? aliuliza Oili.

— Analowesha ulimi tu. Namwekea jagi limejaa, nikirudi nalikuta limejaa. Midomo imempasuka. Nikimbembeleza, ananiambia: nitakunywa mwanangu, nenda kazini.

— Hiyo ni dawa ya usingizi, alisema Daktari. Dawa ile hulaza mwili mzima, kisha mwili huamka kwa zamu. Huanza miguu, ikafuata mikono, ukaja mdomo. Kiu huamka mwisho.

— Siku ya nne bado imelala?

— Kiu ya mtu mzima nzito kuamka. Kawia ufike.

Msumari alitikisa kichwa.

— Mnamsumbua mzee wa watu bure. Mbao ukishaipaka gundi, unaimwagia maji? Mwili una akili, unakausha mshono. Mwache akauke.

— Akauke! Yule ni baba yangu, Msumari, si kabati.

— Nakupa ya kitaalamu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki kaingiaje hapa?

— Nyinyi mashine hamzijui, alidakia Oili. Ukifungua injini, hewa inaingia kwenye mipira. Maji yakishuka yanakutana na hewa, yanagoma. Dawa yake ni kumtikisa.

— Nimtikise mtu mwenye nyuzi saba tumboni?

— Taratibu lakini. Haraka haraka haina baraka.

Daktari alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti.

— Au wamesahau glavu mle ndani. Imejaa maji tangu siku ya kwanza, ndiyo maana mzee anajiona ameshiba. Na wenyewe hawatasema ng'o. Mficha uchi hazai!

Benchi zima lilicheka. Kisigino naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka, akainamia kiatu.

— Kesho wakija kumchukua, nitamshika vipi? Mimi mwenyewe nimshike mikono, wao wamshike miguu?

Mwanamke mmoja alikuwa amefika, amesimama kwa mguu mmoja, sandali yenye mkanda uliokatika iko mkononi. Oili alimsogelea mwenzake kumpisha.

— Karibu, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwanamke aliketi, akasikiliza glavu ikirudiwa mara ya pili, na hewa mara ya tatu. Kisigino alipomaliza kushona mkanda, yule mama akauliza:

— Baba yako anatembea?

— Anatembea nikimshika. Akiegemea bega langu anafika.

— Choo kiko wapi?

Msumari alichungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Wote watatu walikuwa wamekwenda kumjulia hali mzee, wakakaa, wakanywa chai, na hakuna aliyejua.

Kisigino alijua. Choo kiko ng'ambo ya ua, ukishapita bomba ambapo majirani hufulia. Aliiona tena safari ya juzi: mzee amemning'inia begani, mkono mmoja umeshikilia shuka lisidondoke, na wanawake wanaacha kufua, mmoja mmoja, kwa adabu zao zote: shikamoo mzee, shikamoo mzee. Na mzee anaitikia marahaba kila moja, jasho linamtoka. Mlangoni mwa choo mzee alisema, “Geuka, tazama kule.” Kisigino hakugeuka. Aliogopa mzee ataanguka.

Tangu safari ile, jagi halijapungua.

Aliweka sindano chini.

— Msumari, unacho kiti chenye mikono, kizito, kisichoyumba?

— Kipo.

— Nataka ukitoboe katikati. Ndoo ikae chini yake.

Msumari hakuuliza cha nini. Alipima hewa kwa viganja viwili, akaongeza kidogo.

— Hivi?

— Hivyo. Na kingo uzipige msasa vizuri.

— Nitazipiga mpaka ziwe kama shavu la mtoto, alisema, akaondoka na kahawa yake nusu.

Kisigino alimkabidhi mwanamke sandali.

— Nitamsaidia kukaa, alisema, kama mwanafunzi anayehakikisha jibu lake. Kisha nitatoka nje.

— Utatoka, alisema yule mama, akijaribu mkanda wake. Na mlango uufunge.