Salomon Muzaliwa, Daktari Aliyetuuliza Ndoto Zetu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kabambare kwa njia hii ya matope, poleni na safari. Mimi ni Régina, mdogo wake marehemu, nami nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Najua mnaloulizana pembeni tangu Jumatano: je, kituo chetu cha afya kitafungwa? Nitafika hapo. Marehemu mwenyewe hakupenda kuharakishwa.

Daktari Salomon Muzaliwa alizaliwa Kasongo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Baba Musafiri na Mama Victoire. Nyumbani kwetu hakuna aliyeonja chai ya asubuhi kabla ya kusimulia ndoto yake. Mama alitaka hivyo, akisikiliza huku anapepeta mchele. Ndoto ya Salomon ilikuwa ile ile: anavuka mto Lualaba akiwa amelala kitandani, maji yametulia, na ng'ambo kuna watu wanamngoja. Sisi tulimcheka, tukisema anaitunga ili awahi chai.

Alisoma kwa mapadri pale pale Kasongo, akamaliza sekondari na kupata diploma ya serikali katika biolojia na kemia mwaka 1980. Kisha alikwenda Kisangani, na baada ya masomo marefu na migomo mirefu zaidi, mwaka 1990 alitoka huko daktari kamili. Baadaye aliongeza vyeti vya upasuaji na vya kupima kwa ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo. Vyote alivitundika ukutani. Paa likavuja, sahihi ya mkuu wa kitivo ikafutika, nasi tukawa tunamtania kwamba ni daktari asiye na sahihi.

Kabambare alifika mwaka 1993, kwa baiskeli, akisema atakaa kidogo tu. Hakuondoka tena. Kila mgonjwa alipolala kitandani, swali la kwanza lilikuwa: uliota nini? Mchimbaji mmoja wa dhahabu aliletwa kwa pikipiki kutoka Salamabila, tumbo limekaza, akachukia kabisa.

“Dokta, mi nimeleta tumbo, haiko ndoto!”

“Tumbo naiona mwenyewe,” kaka akamjibu. “Ndoto iko kwako.”

Yule mtu akaanza kusimulia shimo lililojaa maua, akishuka, akishuka, sauti nayo ikishuka, na mikono ya kaka ikawa imeshafika penye maumivu. Alipasuliwa siku hiyo hiyo, akapona.

Mwaka 2016 alikuja Daktari Cadette Ushindi kufanya kazi naye, akiwa na udaktari wake na utaalamu wa magonjwa ya akina mama alioupata Bukavu. Naye alishangaa. “Masomo yote ile, na bado unauliza ndoto?” Kaka akamwambia: “Mutu akisema ndoto yake anasahau kukaza tumbo. Hapo ndipo napima.” Cadette alicheka, lakini hakuiga.

Mwaka 1995 marehemu alifunga ndoa na Mama Dieudonnée, mwalimu, aliyekuja kwake kwanza akiwa na homa. Alipoulizwa ndoto akasema ameota mbuzi mweupe. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba hakuota mbuzi wala nini: alikuwa amemwota daktari mwenyewe, baada ya kumwona kanisani, akaona haya kusema. Walijaliwa Fabrice na Sarah-Grâce.

Mwaka jana moyo ulianza kumchosha. Alikataa kupelekwa Kindu, akisema barabara itammaliza kabla ya moyo. Cadette alimtibu hapa hapa kituoni, kwenye kitanda cha dirishani. Wakati huo huo Cadette alikuwa ameitwa kazini huko Kindu, kwenye hospitali kubwa, na mizigo yake ilikuwa imeshafungwa. Kaka alijua na hakumzuia. Lakini ilimuuma sana, nami nasema kwa sababu nilimwona.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, Cadette aliinama kumpima, na kwa mara ya kwanza akauliza yeye: “Papa Salomon, uliota nini?”

Kaka akatabasamu. “Lualaba imefika hapa Kabambare. Inapita mbele ya kituo yetu, pole pole. Watu wako ng'ambo wanangoja, na mulango iko inafunguka.”

“Ni nani anafungua?”

“Sikuona. Uliniamusha.”

Akafumba macho tena, na kabla ya adhuhuri alikuwa ametuacha.

Leo asubuhi nilipita kituoni kuchukua koti lake jeupe ili tumvalishe. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Cadette: “Lala vizuri, mama. Kwanza, uliota nini?” Alipotoka aliniambia kwamba amewajibu watu wa Kindu: haendi, anabaki na sisi. Nililia pale pale, koti mkononi.

Marehemu ameacha mjane, Mama Dieudonnée. Watoto, Fabrice na Sarah-Grâce, pamoja na wajukuu. Mimi dada yake. Muuguzi Hawa, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo. Na Daktari Cadette, ambaye hamumwoni hapa kwa sababu benchi bado limejaa.

Kaka, maji yametulia, vuka kwa amani. Asubuhi ile tutakapokukuta ng'ambo, hatutagusa chai kabla hujatusimulia.