Hendrikje Wiersma Anastaafu, Faili la Rima Bado Liko Wazi

Ijumaa, tarehe 30 Juni 2017, Hendrikje Wiersma anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwaandikisha waomba hifadhi katika kituo chetu, nje kidogo ya mji wa Assen.

Alikuja Aprili 1991 kama karani wa miezi mitatu. Aliandikisha Wabosnia, Wasomali, Waafghani, kisha Wasyria. Alipanda baiskeli hata barabara ikiwa barafu tupu. Mara mbili aliingia ofisini goti limechubuka, akasema baiskeli ndiyo iliyolewa. Kwake, kikombe cha kahawa kilikwenda na biskuti moja, kisha kopo likafungwa. Watoto tu walipata ya pili. Sisi tukinyoosha mkono alifoka, “Nyinyi wazee, tokeni hapa!”

Ametuomba tusiiruke tarehe 14 Novemba 2013.

Siku hizo utaratibu wetu ulikuwa kwamba mtoto chini ya miaka kumi na mitano haulizwi. Mtu mzima aliyekuja naye ndiye anayejibu, naye mtoto hupelekwa chumba cha kuchora. Siku hiyo alifika mzee mmoja Msyria, kutoka mji wa Homs, na mtoto wa ndugu yake, mwenye miaka kumi na minne. Karatasi ya mzee ilisema mvulana, na jina la kivulana. Hendrikje akanakili.

Mtoto aliporudi alimwuliza mkalimani kilichoandikwa. Kisha akasema, “Shangazi, huyo uliyemwandika si mimi. Mimi ni msichana, naitwa Rima.”

“Mwache huyo,” mzee akacheka, “ana michezo mingi.”

“Mwanangu, mimi nafuata karatasi,” Hendrikje akajibu. “Ikija nyingine nitarekebisha.”

Nyingine haikuja. Ofisi ya vizazi ya kwao ilikuwa imeungua. Rima akapangiwa bweni la wavulana, na kwa miezi minne alilala na viatu miguuni. Hendrikje alipopata habari hiyo hakunywa kahawa yake. Alituambia, “Niliuliza kila mtu isipokuwa mwenyewe.”

Kuanzia Machi 2014, kwa kusukuma kwake, kila mtoto kituoni anasikilizwa peke yake, bila ndugu chumbani, na anaulizwa anavyojijua na anavyotaka kuitwa. Rima alihamishiwa kwa wasichana wiki hiyohiyo. Tangu hapo watoto mia tatu na kumi na mmoja wameketi mbele ya Hendrikje na kujisemea.

Lakini faili la Rima lenyewe halijabadilika. Hendrikje ameandika barua kumi na moja kwa wakubwa, na kila jibu linadai cheti cha kuzaliwa kutoka nchi aliyoikimbia. Tarehe 9 Septemba Rima anatimiza miaka kumi na minane. Faili lake la utotoni litafungwa, na kitambulisho cha ukaazi kitatoka na jina lisilo lake.

Tulikuwa tumeandika hapa kwamba Hendrikje anaondoka mshindi. Alisoma, akachukua kalamu, akafuta. “Andikeni kwamba nilikosea,” alisema, “na kwamba zimebaki wiki kumi.”

Tumeandika. Barua ya kumi na mbili tumeitia saini sote saba, na itatumwa Jumatatu.

Asante, Hendrikje, kwa kutufundisha kumwuliza mtoto kwanza. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na barabara kavu. Jibu likifika, tutakuja kukusomea nyumbani, liwe lolote.