Bwana Jikoni Anakabidhi Mkoba

Tarehe thelathini mwezi huu, daktari wetu wa zamu za majumbani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Mkoba atakaoukabidhi ni wa tatu. Wa kwanza ulitafunwa na mbwa wa mgonjwa, na mpaka leo anashikilia kwamba mbwa yule alikuwa na homa.

Mimi ni muuguzi wa mezani, mpokea simu zake tangu enzi za kuzungusha namba kwa kidole. Simu ikilia, daktari alitaka kujua mgonjwa anapumuaje, kama anamaliza sentensi bila kukata pumzi, na nani yuko naye. Njia aliomba aelekezwe na mtu anayeipita kwa miguu. Hata hivyo, siku moja aliingia nyumba siyo, akampima jirani badala ya mgonjwa. Jirani alikutwa na presha, akashukuru sana.

Jina la Bwana Jikoni tulimpa sisi. Kila nyumba aliyoingia aliomba kunawa mikono jikoni, na akiletewa beseni sebuleni alikataa kwa adabu. Tulimcheka wee, tukidhani anavizia chakula.

Nilikoma kucheka siku mama yangu alipougua. Alikuwa akiishi peke yake, na kila nikimpigia alisema hajambo. Nami, muuguzi mzima, nikaridhika. Daktari alipopita kumjulia hali, alimkuta amevaa nguo ya kutokea, anatania. Akaomba kunawa. Jiko lilikuwa limeota vumbi. Akajitolea kupika chai, akafungua kopo la sukari, akakuta vidonge vya moyo vya mwezi mzima havijaguswa.

Hakumgombeza. Walikunywa chai, na mama akakiri kwamba tangu abaki peke yake hakuona haja ya kujipikia, na dawa kwenye tumbo tupu zilimtapisha. Daktari akanipigia, akaniambia niache meza, niende kwa mama. Niliona aibu kubwa. Tulimwahi, akaishi nasi miaka tisa zaidi.

Sasa daktari anarudi kwenye nyumba ambayo, tangu mkewe afariki, anaishi peke yake. Juzi nilimuuliza hali. Akasema hajambo, kwa tabasamu lile lile la mama.

Basi, Bwana Jikoni, asante kwa yote. Upate siku njema, na usingizi usiokatizwa na simu. Jumamosi tunakuja kukuona, na tutaomba kunawa mikono. Beseni la sebuleni hatulitaki.