Sheria Imekuja Peke Yake

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, mkabala na geti la hospitali, na mwenye kijiwe ni Mama Birika. Wateja wake wa kila jioni ni watatu: Zamani, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, ambaye kwake kila kizuri kilishapita, Ughaibuni, aliyekuwa mpishi melini na ambaye, kwa maneno yake, amelazwa nchi zaidi ya sita, na Kufuli, mlinzi wa geti, anayekunywa kahawa jicho moja likiwa kwenye mnyororo. Jioni hiyo Mama Birika alikuwa akimimina kimya kimya, na yeye akinyamaza ujue kuna jambo. Mdogo wake alipasuliwa tumbo jana, na asubuhi sheria mpya imebandikwa getini: kengele ya jioni ikilia, ndugu wote nje. Mambo ya kulala chini ya kitanda cha mgonjwa basi tena.

— Msinitazame mimi, alisema Kufuli. Wakubwa wamesafiri, wameona nchi za wenzetu wanavyofanya. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Mdogo wangu si shamba, alisema Mama Birika.

— Lakini hapo wakubwa wamepatia, Ughaibuni akadakia. Kule ndugu analeta maua, anaaga, anakwenda zake. Nilipolazwa mimi, kitanda kilikuwa kinanigeuza chenyewe. Ubavu huu, halafu ubavu huu.

— Bila kukuuliza? aliuliza Kufuli.

— Kinaujua usingizi wako. Na nchi ya jirani yao, kitanda kinampigia daktari simu kabla wewe hujaumwa.

— Sisi zamani simu ya nini? alisema Zamani. Tulikuwa na matroni mmoja, akikohoa mlangoni, wodi nzima homa inashuka. Na daktari akikugonga tumbo kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni, anakwambia ulikula nini na nani alikipika. Mimi nilimleta marehemu kwenye gari langu, kumwona matroni tu, akaomba uji.

— Marehemu, mzee?

— Marehemu kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kufuli alicheka hadi kahawa ikammwagikia suruali. Mama Birika hakucheka. Alimwacha mdogo wake mchana midomo imemkauka, hawezi kujigeuza wala kuifikia bilauri. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na sasa hawa wanamletea habari za vitanda vyenye akili. Alilirudisha birika juu ya makaa kwa kishindo.

— Halafu kuna kitufe, aliendelea Ughaibuni. Unabonyeza, hujatoa kidole, nesi keshafika. Nchi nyingine wanafika wawili, wanagombania nani akuhudumie.

Kengele ikalia. Ndugu wa wagonjwa wakatoka na vikapu na mikeka yao, wakajikusanya ukutani. Nyuma yao akaja nesi mmoja kijana, mgeni pale kijiweni, akaomba kahawa ya kukesha nayo.

— Sista, leo utapumua, Kufuli akamwambia. Ndugu hatunao. Tunakwenda kama nchi za wenzetu.

Nesi alipuliza kahawa yake, akamtazama.

— Wodi mbili usiku huu ni zangu peke yangu, kaka. Hiyo sheria ya huko nimeisoma. Na manesi wa huko wanafika hapa saa ngapi?

Kufuli alimgeukia Ughaibuni. Ughaibuni akanyoosha kikombe chake aongezewe.

Mama Birika akamwagia maji makaa yake, akajifunga kibwebwe na kuvuka barabara. Wanawake waliokuwa ukutani walimwona, wakaokota mikeka yao, wakamfuata. Kufuli akawahi mbele, akashika mnyororo.

— Mama, nakuheshimu, lakini kengele imeshalia. Nimeagizwa nifunge geti.

— Nimeisikia, mwanangu, masikio ninayo, alisema, naye ameshavuka kizingiti na wenzake nyuma yake. Wewe funga. Ila utufungie ndani.